Dari ya gari ikining'inia, tatizo si gundi

Kitambaa cha dari kikianza kuning'inia hadi kinagusa kichwa, wengi husema gundi imeisha nguvu, basi wanapenyeza gundi nyingine kwa sindano au wanabana kwa pini. Sivyo. Nyuma ya kitambaa kuna sponji nyembamba, na hiyo ndiyo inayooza kwa joto na unyevu wa miaka. Ipapase: inabaki vidoleni kama unga wa manjano. Gundi mpya itashika unga huo, na unga wenyewe haujashika kitu.

Dawa ni kushusha dari yote. Fungua vizuia jua, vishikio, taa na plastiki zinazofunika nguzo za kando ya madirisha. Gari likiwa na eabegi za pembeni (mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea), chomoa betri kwanza na usubiri kabla ya kugusa nguzo. Bandua kitambaa, vaa barakoa, kisha sugua ubao wa dari uliobeba kitambaa kwa brashi laini hadi sponji ya zamani iishe kabisa. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu huharakisha. Pulizia gundi inayohimili joto kali kwenye ubao na kwenye kitambaa kipya chenye sponji yake, iache ikauke kidogo, ubandike kuanzia katikati kuelekea kingo. Gundi isiyohimili joto itaachia gari likishinda juani.