Kiwanja kikubwa, uswahilini na mafuriko: dhana potofu kuhusu mitaa ya Dar es Salaam

Dhana: Viwanja vikubwa ndiyo mji uliopangika.
Chukua hekta moja, toa asilimia 40 kwa ajili ya barabara, mitaro na maeneo ya wazi. Zinabaki mita za mraba 6,000. Kwa vipimo vya mita 30 kwa 40 unapata viwanja 5. Kwa mita 12 kwa 25 unapata 20. Bomba linalopita mbele ya kiwanja kikubwa linakula mita 30, mbele ya kidogo 12. Hapo hatujagusa nguzo wala lami. Sinza ilipimwa viwanja vidogo miaka ya 1970, na leo dukani unakwenda kwa miguu.

Dhana: Mwendokasi, mabasi yenye njia zake peke yake, itamaliza foleni.
Inamfaa anayefika kituoni kwa miguu. Anayekaa kilomita 3 ndani kutoka kituo cha Kimara anaanza na bodaboda.

Dhana: Uswahilini hakutengenezeki bila kubomoa.
Hananasifu, Kinondoni, iliboreshwa miaka ya 1990 kwa mitaro na barabara, wakazi wenyewe wakishika sepeto. Shida kubwa ni njia. Gari la majitaka lisipofika, choo kikijaa kinatapishwa: masika yakianza, shimo linatobolewa ubavuni, uchafu unaondoka na mvua kwenda kwa jirani wa chini. Kwa hiyo kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha mtaa uliokwisha kujengwa, msikimbilie hati. Kabla mpimaji hajaweka bikoni, yaani alama za mipaka, mtaa ukubaliane njia yenye upana wa angalau mita 4, na kona zipimwe pia, maana gari hukwama konani. Mara nyingi kinachosogea ni ukuta, si nyumba. Bikoni zikishachimbiwa, kila futi ina mwenyewe.

Dhana: Mafuriko ni shauri la watu wa mabondeni.
Kweli, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini maji yanayojaa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, hayakunyesha Jangwani peke yake. Mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja cha mita za mraba 300 ni lita 15,000. Ukishasakafia uwanja wote, karibu zote zinakwenda barabarani. Acha udongo wazi, na bati la mita za mraba 100 ulifungie gata na tenki: mvua hiyohiyo inakupa hadi lita 5,000.

Mtaro nao uchimbwe kuanzia kwenye mtokeo kupanda juu. Ukianzia juu na michango ikaishia njiani, mmemchimbia jirani bwawa. Mkiweza, upeni mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Ukiwa tambarare mchanga unatuama, na mtashika koleo kila baada ya mvua.