Kwa nini ukifuta faili kwenye mashine pepe, kabati la diski linabaki limejaa?

Saa nane usiku simu ya fundi wa seva inalia: kabati la diski, yaani hifadhi ya pamoja ambayo seva nyingi huweka data, limefika asilimia 92. Anaingia kwenye mashine pepe moja ya Linux (kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya seva), anakuta logi, yaani kumbukumbu za matukio, za zamani gigabaiti 200, anazifuta. Anaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: nafasi imerudi. Anafungua ukurasa wa kabati: 92 ile ile.

Kumbe kufuta faili si kufuta data. Mfumo wa faili huandika tu kwenye daftari lake kwamba vipande fulani sasa viko huru. Data yenyewe hubaki palepale. Na daftari hilo limo ndani ya mashine pepe, kabati halilisomi. Kabati halijui faili wala folda, linachojua ni kwamba kipande fulani kiliwahi kuandikwa. Ni kama mgeni wa gesti aliyeondoka alfajiri na ufunguo mfukoni: chumba ni kitupu, ila pale mapokezi kinahesabika kina mtu.

Zamani hili halikumsumbua mtu. Volyumu (fungu la diski linalopewa mashine) ya terabaiti 1 ilikatiwa terabaiti 1 nzima tangu siku ya kwanza, itumike isitumike. Siku hizi volyumu nyingi ni za ahadi: kabati la terabaiti 10 linaweza kuziahidi mashine 20 terabaiti 1 kila moja, na kutoa diski halisi kadiri data inavyoandikwa. Ni hesabu nzuri, mradi wote wasije kudai siku moja. Wakidai, kabati linakataa kuandika, na mashine zinazogawana diski hizo zinaanza kukwama, hata ile ambayo haijaongeza faili mwezi mzima.

Ufunguo hurudishwa kwa amri iitwayo UNMAP, ya SCSI, lugha ambayo seva huzungumza na diski. Kwa SSD za SATA nduguye ni TRIM. VMware, watengenezaji wa programu za kuendesha mashine pepe, waliiweka UNMAP ijiendeshe yenyewe kwenye programu yao vSphere 5.0 mwaka 2011, halafu wakaizima muda si mrefu kwa sababu baadhi ya makabati yalikuwa yakiijibu polepole mno. Mafundi wakawa wanaiendesha kwa mkono, kazi ya kuchosha, hadi vSphere 6.5 ya mwaka 2016 ilipokuja na VMFS-6, mfumo wao wa faili wa kuhifadhi mashine pepe, inayorudisha nafasi yenyewe taratibu.

Lakini amri hiyo hupita mikono kadhaa: mfumo wa ndani ya mashine, diski pepe, programu inayoendesha mashine, ndipo ifike kabatini. Mmoja akinyamaza, habari inaishia hapo. Kwenye KVM, teknolojia ya Linux ya kuendesha mashine pepe, mnyamavu mara nyingi ni diski pepe yenyewe: QEMU, programu inayoiendesha diski hiyo, isipoambiwa discard=unmap, huipuuza amri kimyakimya. Ikishawekwa, fstrim -av, amri ya Linux ya kuachia vipande visivyotumika, inatosha, nayo itakutajia kwa kila sehemu ya diski ni gigabaiti ngapi zimeachiwa. Linux nyingi huja na fstrim.timer, ratiba ya kuiendesha kila wiki. Angalia kama imewashwa kabla ya kulaumu kabati.

Bado kuna snapshoti, yaani picha ya diski jinsi ilivyokuwa wakati fulani. Kama kabati lilipiga moja jana jioni, vile vipande vya logi ni mali yake pia, na UNMAP haiwezi kuinyang'anya. Kwa hiyo fundi wetu anaweza kuendesha fstrim saa nane na nusu, akaona gigabaiti 200 zimeachiwa, na bado akasoma 92 mpaka snapshoti hiyo ifutwe au muda wake uishe.