Mtakatifu Fransisko wa Bellini: serafi yuko wapi?

Mwaka 1224 Fransisko wa Assisi alipanda mlima La Verna, Toscana, kufunga na kusali. Inasimuliwa kwamba huko alimwona serafi, yaani malaika mwenye mabawa sita, mwenye sura ya Msulubiwa, na maono yalipokwisha mwili wake ukabaki na madonda matakatifu, kama yale ya Yesu msalabani. Wachoraji wa Italia waliizoea habari hii: serafi juu angani, Fransisko amepiga goti, na miali inayoshuka ikiunganisha madonda ya huyu na ya yule. Giotto aliichora hivyo.

Giovanni Bellini wa Venice naye aliichora, katika miaka ya 1470. Lakini serafi hayumo. Miali nayo haimo. Fransisko amesimama peku nje ya pango lake, mikono kaikunjua, kinywa wazi kidogo, macho yakitazama juu upande wa kushoto. Madonda yapo, ila ni alama ndogo tu viganjani. Mtu mwenye haraka atayapita asiyaone. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaosema hapa Fransisko anaimba sifa za viumbe, wala si saa ya La Verna. Mimi siafikiani nao. Fuata macho yake hadi pembeni juu kushoto: kuna mti umeinama, majani yake yamewaka mwanga. Bellini kaupa mwanga kazi ya serafi.

Aliwezaje? Kwa rangi ya mafuta. Rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, ambayo Waitalia waliitumia kwa muda mrefu, hukauka upesi mno. Ya mafuta hukawia, hivyo mchoraji anaweza kupaka tabaka jembamba juu ya jingine, mwanga ukapenya hadi kwenye weupe wa chini ubaoni na kurudi machoni. Ndiyo maana miamba ile ya kijani na buluu inaonekana kana kwamba inang'aa yenyewe.

Wengi hudhani kila picha ya mtakatifu ilichorwa kwa ajili ya altare. Hii ilikuwa ya mtu binafsi, Zuan Michiel, na mwaka 1525 ilionekana nyumbani kwa Taddeo Contarini, tajiri wa Venice. Picha ya ibada ya nyumbani haina padri wa kuieleza. Mwenyewe hukaa nayo, jicho likatembea. Kwenye meza ya kusomea kuna fuvu na kitabu. Chini ya meza, ndala zimeachwa, na aliyesoma kitabu cha Kutoka katika Biblia atamkumbuka Musa akiambiwa avue viatu mbele ya kijiti kinachowaka. Kule nyuma kuna punda, korongo, mchungaji na kundi lake, kisha mji. Wenzangu wengine hupenda kumpa kila mnyama fumbo lake. Kwa punda sijashawishika sana.

Tangu 1915 mchoro huu uko katika mkusanyo wa sanaa wa Frick Collection, New York. Ubao wenyewe una upana wa sentimita 142 hivi na kimo kama 125. Ukiutazama mtandaoni, kuza picha uitazame vipande vipande. Kuna kikaratasi chenye jina la Bellini pembeni chini kushoto, na sungura anachungulia kwenye tundu la ukuta wa mawe, karibu na mkono wa kulia wa Fransisko.