Karani wa madai na agizo la bosi

Katika zahanati na hospitali za Moshi, kwa miaka mingi imesemwa kwamba karani anayejaza madai ya uongo ya bima kwa agizo la bosi hana kosa, kwa kuwa yeye ni mkono tu. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mtenda kosa hata yule anayesaidia huku akijua, na agizo la mwajiri, au hofu ya kupoteza kibarua, si utetezi.

Chukua mgonjwa aliyepima malaria, akakutwa hana, akaondoka na vidonge vya maumivu. Jioni fomu yake, ambayo aliisaini ikiwa tupu (na wengi wetu husaini hivyo bila kusoma), inaongezwa sindano tatu na kitanda cha siku moja. Aliyeandika sindano hizo anajua kwamba hazikuchomwa.

Wapo pia wanaodai kwamba pesa ya bima ni pesa ya serikali, haina mwenyewe. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri wake huongeza 3. Wenyewe ni hao.

Kukosea msimbo wa huduma (namba inayotambulisha huduma kwenye fomu) kwa bahati mbaya ni jambo jingine, na husahihishwa. Anayeshinikizwa ahifadhi maagizo aliyopewa kwa maandishi, kisha atoe taarifa TAKUKURU au polisi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamkinga dhidi ya kulipiziwa kisasi kazini.