Mndimu hauli misumari

Huyu ni mteja wa tatu wiki hii aliyezika misumari ili kuponya mndimu wenye manjano. Anaingia kitaluni kwangu hapa Malindi na tawi la mndimu mkononi: majani machanga manjano, mishipa yake kijani kama imechorwa kwa kalamu. Kabla sijamkaribisha kiti: "Daktari, nishazika misumari nusu kilo, mbona haunawiri?"

Misumari haikusaidia kwa sababu chuma tayari kimejaa tele humo shambani mwako. Kilichokosekana ni chuma kinachoyeyuka. Udongo wetu mwingi huku pwani umelalia mawe ya matumbawe, una chokaa, na pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) ikishapita 7 chuma hubaki kutu tu. Kila pH inapopanda kwa 1, chuma cha feriki, yaani kile cha kwenye kutu, kinachoyeyuka hupungua kama mara 1,000. Sasa wewe unaongeza kutu juu ya kutu.

Na mti wenyewe haukukaa bure. Mizizi ya mndimu hutoa asidi, kisha huigeuza feriki kuwa feri, aina inayoyeyuka kirahisi zaidi, ndipo chuma kiingie. Chokaa huimaliza asidi hiyo hapo hapo. Mahindi yana ujanja mwingine: hutoa kemikali inayokamata feriki vile ilivyo na kuingia nayo mzizini. Basi usishangae mahindi yakiwa kijani kando ya mndimu unaoumwa.

Dawa? Samadi iliyoiva, na chuma cha cheleti, yaani kilichoshikwa na kemikali ili kisigeuke kutu. Lakini soma kibandiko, tafadhali! Cheleti ya aina ya EDTA hukiachia chuma kwenye udongo wa chokaa, pesa imemwagika. Tafuta EDDHA.

Wanaotaka kumwaga jivu: jivu linapandisha pH. Liache jikoni.

Wanaotaka kuweka yuria, mbolea ya nitrojeni: nitrojeni ikipungua, manjano huanzia majani makuukuu, kwa kuwa mti huihamishia juu. Chuma hakihami kirahisi, hivyo machanga ndiyo huumia. Tazama kwanza, kisha fungua pochi.

Wanaosema klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ina chuma: ina magnesi. Chuma husaidia kuitengeneza, na hupitisha elektroni kwenye usanisinuru, yaani mti unapojitengenezea chakula kwa mwanga.

"Basi chuma kikizidi ni heri?" Muulize mkoko wa Lamu. Kwenye tope lisilo na oksijeni chuma huyeyuka hadi kuwa sumu, kwa hiyo mizizi huvujisha oksijeni ili kipate kutu nje, kisiingie. Ng'oa kimzizi kidogo, kioshe tope: mara nyingi utaona kimevaa utando mwekundu wa kutu.