Goti la proteze likivuja, sindano kwanza

Mgonjwa wa baridi yabisi aliyewekewa goti la proteze, yaani goti bandia, anatoka Sake, mji ulio karibu na Goma, Kongo, kwa pikipiki siku ya nane baada ya operesheni, bandeji imelowa. Ukimwandikia antibiotiki ya kumeza kama amoksisilini na kumrudisha nyumbani, umejifungia mlango mwenyewe. Kidonda kinachovuja hadi wiki moja dawa yake ni chumba cha upasuaji. Vidonge havikitoshi.

Vijidudu hujijengea utando juu ya chuma na plastiki, na dawa ya kumeza huua vile tu vinavyoelea kwenye maji ya goti. Maumivu yanapoa kidogo, halafu maabara haioteshi kitu.

Kwa hiyo kabla ya antibiotiki, nafyonza maji ya goti. Sindano hupita kwenye ngozi nzima, kamwe si kwenye tundu linalovuja. Pamba ya kidonda nayo huokota vijidudu vya ngozi na kukupotosha. Naomba hesabu ya chembe nyeupe, na maji yaoteshwe siku 14, maana vijidudu vingine huota polepole. Katika wiki 6 za kwanza, chembe zaidi ya 10,000 kwa mikrolita ni ishara mbaya. CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, peke yake hudanganya: operesheni huipandisha, baridi yabisi pia.

Anayekunywa prednisoloni, dawa inayotuliza uvimbe na kinga ya mwili, anaweza kuwa na usaha bila homa yoyote, basi usingoje joto lipande. Dozi yake ya kila siku haikatwi ghafla. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, iendelee vilevile wakati wa operesheni. Kuisimamisha kwa hofu huamsha ugonjwa, na goti linalouma halikunjwi, linakakamaa. (Kukishakuwa na usaha ni mazungumzo mengine.) Kwa wachache wanaopata sindano za kibayolojia (dawa nyingine za baridi yabisi zinazotuliza kinga), operesheni ipangwe dozi inayofuata inapokaribia, zirudiwe kidonda kikishakauka na nyuzi kutolewa.

Ikiwa ni usaha kweli, dalili hazijapita wiki 3 na proteze bado imeshika, tunafungua. Kwanza vipande 5 vya tishu, kila kimoja kwa kisu safi na chupa yake, kisha kukata kilichooza, kuosha kwa lita kadhaa za serumu (maji safi ya chumvi), na kubadilisha kipande cha plastiki kilicho kati ya vyuma. Ukiiacha ile ya zamani, nyuma yake hapaoshiki. Plastiki mpya lazima iwe ya muundo na saizi ileile, na Goma huipati dukani, inaagizwa. Soma karatasi ya proteze, agiza siku ileile uliyofyonza maji. Muda ukipita, itabidi proteze yote itoke na saruji yenye antibiotiki ikae mahali pake.