Kliniki Hatutaki "Sijambo"

"Hujambo, mama?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Kila siku ya kliniki nayasikia maneno hayo kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Majibu ya damu yanasomwa, tarehe ya dripu ya dawa za saratani inapangwa, mama anaaga. Wakishafika mlangoni, binti aliyemsindikiza ndiye anayegeuka: "Dokta, lakini mama halali usiku."

Wanawake wetu wamefundwa kuvumilia, na adabu ya salamu haiwaruhusu kuanza na shida. Lakini tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na madhara ya ugonjwa na ya dawa zake, hutegemea unachotuambia. Wala si huduma ya wanaokata roho tu. Unastahili kuipata tangu siku ulipopewa majibu ya kipimo cha kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe.

Tuanze na mkono, maana ndio unaofichwa zaidi. Tezi za kwapani zikitolewa wakati wa upasuaji, au eneo hilo likipigwa mionzi, maji ya mwilini yaliyokuwa yakipita humo hukosa njia na mkono huvimba. Huweza kutokea baada ya miezi, hata miaka. Mwanzoni pete inabana, mkono wa blauzi unakaza, mkono wenyewe unakuwa mzito jioni. Ukija hapo, bandeji maalumu, mazoezi na kukandwa kwa mikono laini na mtaalamu husaidia sana. Ukingoja mpaka ngozi iwe ngumu, kazi inakuwa kubwa. Kwa bahati mbaya, wengi hupitia kwanza kwa shangazi anayekanda kwa maji ya moto, au kwa mganga anayechanja chale. Maji ya moto huongeza uvimbe, na chale ni mlango wa vijidudu. Vaa glovu ukilima, osha hata mchomo wa mwiba, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto, njoo siku hiyo hiyo. Hata uvimbe usiouma tunapenda kuuona, kwa sababu wakati mwingine ni damu iliyoganda au ugonjwa uliorudi.

Maumivu nayo yana dawa. Panadoli ikishindwa, tunapanda ngazi hadi mofini ya maji, inayonywewa kila baada ya saa 4. Ndugu wengi wakisikia neno mofini huanza kulia, wakidhani ndiyo tumeshakata tamaa. Ikitumiwa kama ulivyoelekezwa, haiharakishi kifo, na ni nadra sana anayeinywa kwa ajili ya maumivu kugeuka teja. Ila hufanya choo kuwa kigumu, kwa hiyo idai pamoja na dawa ya kulainisha choo. Papai peke yake halitoshi.

Jambo moja halingoji kliniki: homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati unatumia dripu za saratani. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zinazopambana na vijidudu, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Usimeze panadoli ukalala ukitumaini kutakucha salama. Nenda hospitali usiku huo huo na uwaambie uko kwenye dripu.

Nywele zilizodondoka kwa dripu kwa kawaida huota tena. Majani ya mstafeli unayochemsha nyumbani, tutajie bila woga. Hatutakugombeza, tunataka kujua yasije yakagongana na dawa zetu.

Halafu kuna tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni inayolisha baadhi ya saratani za matiti, cha kila siku kwa miaka 5, kwa wengine 10. Wapo wanaokiacha kimyakimya kwa sababu ya joto la ghafla usiku, au kwa sababu tendo la ndoa limekuwa la maumivu na wanaona haya kusema. Usikiache kabla hatujaongea. Joto hilo hupunguzwa, na kwa ukavu ukeni kuna vilainishi vya maji visivyo na homoni. Mume akitaka kuingia nawe, kiti cha pili kipo. Ukiona ni afadhali asiwepo kwa mazungumzo hayo, mwambie nesi mapema, naye atampangia shughuli nje.